Presha nzuri, miguu baridi

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako, barua yangu ndefu najua, ukiona inakuzidi basi kata mwisho usikate katikati, maana nilichokuja nacho kiko katikati.

Mie ni nesi mkunga mstaafu, naishi Ole, Pemba, nimefanya kazi miaka 31 na zaidi ya nusu yake ni wodi ya watoto wachanga. Juzi nimeona picha gazetini, watu wamejipanga mbele ya mashine mpya za wodi ya vichanga, mashine zimefungwa utepe utasema bi harusi, na nilifurahi sitaki kusema uongo, sie tumeanza kazi na mizani moja na taa ya chemli. Ila tangu siku ile kila ninaemsikia anazisifu anasifu kitu kimoja tu, kwamba sasa presha ya mtoto itaonekana kwenye skrini muda wote kwa hivyo mtoto akianza kuharibika itajulikana mapema.

Hapo ndo nikachukua kalamu. Kwa kichanga presha ni kitu cha mwisho kuanguka. Ukikaa unasubiri presha ishuke ndo ujue kuwa mzunguko wa damu umeharibika, umeshachelewa masaa, na kwa mtoto wa kilo mbili masaa ni mengi sana.

Nianze na lililonikuta mwenyewe. Binti yangu alijifungua kabla ya siku zake, mimba wiki 35, mtoto kilo 2 na gramu 100. Spitali siitaji wala watu wake siwataji, kwanza walikuwa wanahangaika kweli, pili wengine nimewasomesha mie. Siku ya tatu baada ya magharibi nikaenda na chupa yangu ya uji wa pilipili manga wa mzazi, nikaomba ruhusa nimuone mjukuu. Wodi ina vichanga 19 na nesi mmoja, msichana mdogo, yuko mbio huku na huku kijasho kinamtoka. Mjukuu wangu kalala zake, na wazazi wenziwe binti yangu wote wanamsifu, ati huyu mtoto wenu hana tabu, wa kwetu wanalia yeye kalala tu tangu mchana, mtoto mpole huyu.

Mie moyo ukanipiga pa. Mtoto wa siku tatu ambae jana alikuwa ananyonya na leo hataki, ukimchezea nyayo hakunji mguu, huyo si mpole jamani, huyo anazimika. Na hili nalisema kwa kina bibi wenzangu wote wanaosoma au wanaosomewa gazeti hili, tumezoea kusifu utulivu wa kichanga hata pasipostahiki.

Nikamshika miguu. Nyayo baridi kama sakafu ya msikiti alfajiri, na mkono wangu wa pili uko kwapani kwake, joto. Nikafunua kanga, mapajani ngozi imefanya michoro michoro kama nyavu ya dagaa iliyoanikwa. Mashine inaonesha mapigo ya moyo 178 na mtoto hajalia wala hajashikwashikwa, kalala. Nikamwita yule nesi, mwanangu hebu njoo, akaja akanambia shkamoo bibi, huyu nimempima presha sasa hivi, 58 kwa 34, yuko sawa.

Na kweli yuko sawa, hakukosea. Ile hesabu ya mkato tunayosomeshwa sote ni kwamba presha ya wastani isiwe chini ya idadi ya wiki za mimba, na hapo wastani, yaani ile ya chini ujumlishe thuluthi ya tofauti ya hizo mbili, ni 42 na wiki ni 35, imepita vizuri tu. Kwa karatasi yule mtoto hana kitu.

Nikamwambia niazime saa yako. Nikaweka kidole katikati ya kifua, juu ya ule mfupa, nikabonyeza sekunde tano halafu nikaachia. Pale unapobonyeza panapauka, na mtoto aliye salama rangi inarudi upesi, haizidi sekunde tatu. Tukatazama sote wawili, moja, mbili, tatu, nne, na ya tano ndo rangi inajivuta kama mtu anaepanda mnazi na mguu mbovu. Tukarudia, tano tena. Nikauliza kakojoa lini, akatazama chati, kile kisanduku kitupu. Binti yangu akasema nepi hii kavaa tangu adhuhuri, nikaipima mkononi, kavu.

Yule msichana, Mungu ampe kila la kheri, akanitazama, akatazama ile mashine, halafu akachukua simu. Nilimsikia anasita, "dakta samahani, presha nzuri lakini..." kisha kimya, nadhani huko upande wa pili kaulizwa kama presha nzuri unaniitia nini. Akavuta pumzi akasema "miguu baridi dakta, na kifuani rangi inarudi kwa sekunde tano, na mapigo 178 amelala, na hajakojoa tangu adhuhuri." Dakta akaja. Sukari ikapimwa ikakutwa 1.9 na tunataka isiwe chini ya 2.6. Maambukizi kwenye damu. Akapewa sukari, akapigwa sindano za ampisilini na jentamaisini saa ile ile, maji kidogo ya mshipani kwa kipimo. Na unajua ile presha iliyokuwa nzuri ilianguka saa ngapi? Saa nane za usiku. Masaa sita na zaidi baada ya miguu kusema, na dawa zishaingia, kwa hivyo ilipoanguka walikuwa wamejiandaa, wakampandisha kwa dawa ya kusukuma moyo. Kama tungesubiri saa nane ndo tuanze kutafuta mshipa wa kuchoma sindano, mshipa wenyewe tusingeuona.

Sasa kwa anaesoma ambae si mtu wa spitali. Hiki kitu madaktari wanakiita shoki, si mshtuko wa kushtuliwa na paka gizani, ni pale damu inapokuwa haifiki viungoni kwa kiasi kinachotakiwa, basi viungo vinakosa oksijeni na vinakosa chakula. Vinavyoleta ni vingi. Maambukizi kama haya ya mjukuu wangu ndo tunayakuta sana, yuko mtoto aliyechelewa kuvuta pumzi wakati wa kuzaliwa, yuko aliyetokwa na damu, na yuko mwenye kasoro ya moyo ambae alipokuwa tumboni kulikuwa na kamshipa kanamsaidia, kamshipa kale kwa kawaida kanajifunga siku za mwanzo, basi mtoto anatoka spitali mzuri kabisa na siku ya tano au ya sita mama anamrejesha kageuka rangi ya majivu na watu nyumbani washamfungia hirizi.

Mwili wa mtoto una akili yake. Damu ikipungua nguvu haikubali kupunguza kila mahali sawasawa, inafunga kwanza ngozi, inafunga mikono na miguu, inafunga utumbo na figo, ile damu iliyobaki inapelekwa kwenye ubongo na moyo, na ile mishipa ikishabana namna hiyo presha inabaki juu vile vile. Ni kama nyumba yenye njaa lakini yenye aibu, ukumbini mgeni anatiliwa chai na kuwekewa kaimati, wanazungumza wanacheka, huko jikoni hamna hata punje. Ukitaka kuijua nyumba hiyo usikae ukumbini, nenda kaguse mafiga. Presha ni ukumbi. Miguu ya mtoto ndo mafiga.

Sasa niseme langu, maana si vizuri kunyooshea wengine kidole na mie ninalo. Mwaka 2009 nilikuwa zamu ya usiku, akaletwa mtoto mkubwa, kilo 4, kavutwa kwa vakyumu, kile kikombe cha kumvutia mtoto kichwani, baada ya mama kusukuma muda mrefu. Wodi ilikuwa na mashine moja ya presha tunaazimana na wodi nyengine, na mkanda wake ni mmoja tu, ule mwembamba wa njiti. Nikampima, nzuri. Baada ya masaa mawili nikampima, nzuri. Nikaandika kwa mkono wangu "presha kawaida" mara tatu, mwandiko mzuri kabisa, nauona mpaka leo. Kichwa kilikuwa kimevimba na ukikigusa kinatikisika kama maji ndani ya mfuko wa plastiki, na uvimbe unashuka mpaka nyuma ya masikio, nikasema ni ule uvimbe wa kuvutwa utaondoka wenyewe. Kumbe mtoto anavuja damu yake ndani ya ngozi ya kichwa chake mwenyewe. Adhana ya alfajiri haijaisha kuadhiniwa akawa ameshatangulia.

Baadae sana nilikuja kufahamishwa mambo mawili. Kwanza mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono wa mtoto presha inasomeka kubwa kuliko ilivyo, kwa hivyo ile nzuri yangu haikuwa hata nzuri. Pili hesabu ya damu yenyewe. Mtoto aliyetimia miezi ana kama mililita 80 za damu kwa kila kilo, mtoto wa kilo 3 damu yake yote haijazi chupa ya soda. Njiti wa kilo moja ana kama 90 hivi, hiyo ni kikombe na nusu cha kahawa ya barazani, basi. Sasa ukimtoa njiti huyo mililita tano za damu kwa ajili ya vipimo, ni kama mtu mzima umemtoa robo lita, na sie tulikuwa tunatoa asubuhi, tukiambiwa na maabara damu imeganda tunatoa tena jioni. Yule mtoto wangu wa 2009 damu yake yote ilikuwa kama mililita 320 na chini ya ngozi ya kichwa pana nafasi ya kuimeza nusu na zaidi. Miguu yake sikuigusa. Mapigo niliyaandika 170, 182, 190, yameandikwa pale pale pembeni ya "presha kawaida", nimeyaandika mie na sikuyasoma.

Kwa hivyo ninalolitaka ni dogo, Mhariri. Kila kitanda cha kichanga mgonjwa kiwe na karatasi ya saa kwa saa, na kwenye karatasi hiyo presha iwe safu ya mwisho, si ya kwanza. Za mbele yake ni hizi: mapigo ya moyo akiwa ametulia, miguu ya moto au baridi, sekunde za kifuani, mkojo, na vile anavyoamka ukimgusa. Hiyo ni kazi ya dakika mbili kwa mtoto mmoja. Mapigo ya kichanga ni kama 120 mpaka 160, akilia yanapanda ni sawa, lakini yakikaa juu ya 160 na mtoto kalala hiyo ni habari, na yakifika 180 hiyo si habari tena ni mbiu. Miguu, ukiwa na thamomita mbili au hata moja pima kwapani halafu pima nyayo, tofauti ikizidi digrii 2 ujue damu huko chini haifiki. Mkojo, mizani ya maabara au hata ile ya jikoni ya digitali inatosha, nepi ipime kavu uandike, ipime ilowe, kila gramu iliyozidi ni mililita moja, mtoto akishapita siku ya mwanzo anatakiwa atoe si chini ya mililita moja kwa kila kilo kila saa. Mjukuu wangu kwa masaa yale saba ilitakiwa nepi izidi gramu 15. Haikuzidi hata moja.

Kuna madaktari vijana nimezungumza nao wakanambia bibi hicho kidole chako kinadanganya, manesi wawili wakibonyeza mtoto mmoja huyu anapata tatu yule anapata nne. Ni kweli na wala sibishi. Chumba kikiwa na baridi, AC inawapuliza watoto usoni kama wako hoteli ya kitalii, miguu itakuwa baridi na hana kitu, umpashe joto kwanza mpaka kwapani pafike 36.5 ndo upime tena. Rangi za ngozi zetu nazo, mtoto mweusi ukibonyeza paja hutoona kitu, kifuani kwenyewe weka taa nzuri, kama huoni tazama viganja, tazama nyayo, tazama ufizi. Na ndo maana sisemi kitu kimoja. Kidole peke yake ni dhaifu, mapigo peke yake ni dhaifu, lakini vitatu vikienda njia moja, na saa iliyopita havikuwa hivyo, hapo hakuna cha kudanganya. Na faida ya karatasi ni hiyo, unaona kilivyokuwa. Nesi wa asubuhi kashamaliza kasinzia kwake Machomane, wa usiku hajui kuwa miguu hii mchana ilikuwa ya moto.

Mtu atasema manesi hawana muda. Nimeiona hiyo hoja na naijua kuliko anaeisema, mmoja kwa 19 si kazi hiyo ni adhabu, na Wizara ya Afya nawaomba kwa heshima kwenye hizi spitali za wilaya mpya waanze na watu ndo wafuatie na utepe. Lakini si kila kichanga anataka kupimwa kila saa, ni wale wanne watano walio mahututi. Na wasiseme watu wa huku hawawezi kujaza karatasi. Pemba hii hii walifuatiliwa vichanga zaidi ya elfu 36 kwa ajili ya utafiti wa dawa ya kupaka kitovu, nyumba kwa nyumba, vijiji ambavyo gari haifiki, majibu yakatoka mwaka 2016. Dawa yenyewe haikuonekana kupunguza vifo kwa kiasi cha kutegemewa, lakini karatasi zilijazwa, na waliojaza ni watoto wetu. Tukiweza kuandika kwa ajili ya utafiti tutaweza kuandika kwa ajili ya mtoto aliyelala mbele yetu.

La pili linakwenda pamoja na hilo la kwanza na pengine ndo zito zaidi. Nesi akiona visanduku viwili vibaya apige simu na asiulizwe presha ngapi. Liandikwe kabisa, libandikwe ukutani, lisainiwe na mkubwa wa spitali. Maana yule msichana wangu alisita, na alisita mbele ya bibi mkunga mstaafu aliyemsimamia begani, je angekuwa peke yake saa tisa za usiku na dakta mwenyewe ni mkali? Wangapi wamesita mpaka kukakucha. Dakta akiamshwa bure mara tatu na ya nne ikawa kweli, faida iko kwake, na usingizi atalipa siku nyengine.

Kuhusu hizo mashine, nisije nikaonekana mpinga maendeleo. Ile oksimita ya kumfunga mtoto mguuni, chombo cha kupima oksijeni ya damu ambacho kanuni yake aliitoa Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974, nyengine zina namba ndogo pembeni ya skrini, yenye nukta, 1.3 au 0.6, hakuna anaeitazama. Namba ile inasema nguvu ya damu inayopita pale mguuni. Asubuhi ikiwa 1.5 na jioni imekuwa 0.4, mashine ishakwambia kitu na haijalia alamu. Ifunge mkono wa kulia halafu mguuni, oksijeni ikitofautiana zaidi ya tatu kwa mia fikiria moyo, mapema wazazi waelezwe habari ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar. Kipimo cha lakteti, ile asidi inayozidi kwenye damu viungo vikikosa oksijeni, ultrasaundi ya kutazama moyo unavyosukuma, vyote vizuri, vije. Ila vije na mikanda ya presha ya saizi zote, si mmoja. Na alamu zisizimwe kwa kuwa zinapiga kelele, wodi nyengine ukiingia mashine zote bubu, ukiuliza unaambiwa zilikuwa zinalia sana usiku.

Na umeme, wenye kumbukumbu wanakumbuka. Pemba mpaka 2010 tulikuwa tunategemea majenereta ya Wesha kabla ya waya wa baharini kutoka Tanga, na Unguja nao walikaa kiza miezi kama mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Betri ya monita ikiisha inakuwa kabati. Kidole kinafanya kazi hata gizani, tochi ya simu inatosha.

Lakini kuna khofu yangu moja, nisipoisema barua hii inaweza kuua. Mtu akishajua kuwa huyu ana shoki, mkono unakwenda wenyewe kwenye dripu, afungue maji yamwagike. Taratibu. Mwaka 2011 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania bara, watoto 3,141 waliokuja na homa kali na damu haizunguki vizuri, wale waliomiminiwa maji ya haraka walikufa kama 10 na nusu katika 100 ndani ya masaa 48, na wale ambao hawakumiminiwa walikufa 7 na kidogo. Ulimwengu mzima ulistaajabu. Watoto wale walikuwa wa kuanzia siku 60, vichanga hawakuwemo, lakini ikiwa wenye miezi miwili na kuendelea maji yamewafanya hivyo, basi njiti ambae mishipa ya ubongo wake ni kama uzi wa buibui tuwe na adabu nae. Mililita 10 kwa kilo, kwa mjukuu wangu ilikuwa 21, thuluthi ya kikombe cha kahawa, na haikumwagwa, iliingia pole pole na kila baada ya muda miguu inashikwa, ini linapapaswa kama limevimba, kifua kinasikilizwa. Aliyetoka damu anataka damu, si maji. Mwenye moyo mbovu maji yatamzamisha. Kwa hivyo kugundua mapema maana yake si kufungua bomba mapema, ni kupata muda wa kufikiri.

Na muda huo tunauhitaji zaidi sie wa Pemba. Mtoto akiwa hana budi apelekwe Unguja au Dar, kuna bahari hapo kati, na mkondo wa Nungwi hauna huruma na mtu mzima seuze kichanga kwenye kikapu. Mtoto mwenye miguu baridi asipandishwe boti. Atulizwe kwanza, mshipa uwe salama, sukari ipimwe, joto lirudi, ndo asafiri. Nimewahi kumsindikiza mmoja ambae aliondoka gatini na presha nzuri, sitaki kuieleza safari ile.

Kuna mtu mmoja hatujampa kazi, nae yuko pale masaa 24, mama. Anaembeba mwanawe kifuani kwa ule utaratibu wa kangaruu, ngozi kwa ngozi, miguu ya mtoto iko juu ya tumbo lake, hakuna thamomita inayoishinda ngozi ile. Mwambieni tu: mwanao miguu ikipoa wakati kifua kina joto, au akilala akawa hataki kuamka kunyonya, au nepi ikakaa kavu kutoka sala moja mpaka ya tatu, usione haya, ita. Na akiita asikaripiwe. Ati wazazi wanaambiwa mama tulia unatusumbua, hapo ndo mtu anakaa na khofu yake mpaka asubuhi.

Mwaka 2022 Tanzania ilihesabiwa kupoteza vichanga 24 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai kabla hawajatimiza mwezi, na dunia imekubaliana kuwa kufika 2030 kila nchi ishuke mpaka 12 au chini yake. Imebaki miaka ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na sioni mashine za kutosha zikifika kwa muda huo, hata zikifungwa utepe kila wiki.

Ile karatasi nilishaichora, kwa rula, kwenye daftari la skuli la mjukuu wangu mkubwa, safu saba ukihesabu na ile ya kuandika saa, presha ya mwisho. Yule nesi aliyempigia simu dakta ndo wa kwanza kuniomba, nikampa kopi tano, akanambia wiki iliyofuata zimekwisha. Ukiona inafaa, Mhariri, nitakuletea moja uichape pembeni ya barua hii, isiwe ndogo sana, watu waweze kuikata kwa mkasi.

Wako,
Bibi mkunga mstaafu
Ole, Pemba